Mkimbiaji na Glavu ya Mdogo Wake

Jumatano ya Majivu, tarehe tano Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mke wangu Redempta alitutoka. Siitaji saa hiyo ili mnihurumie. Mmekwisha kunihurumia vya kutosha, na unga mlioniletea bado haujaisha. Naitaja kwa sababu tangu saa hiyo mambo mawili yamebadilika. Nyumbani kwangu pamekuwa kimya. Na hapa kanisani, pale mbele ya kwaya alipokuwa anasimama, pamekuwa na kelele.

Mnanielewa. Sitamtaja mtu. Wapo wanaosema fulani hastahili kusimama pale. Wapo ambao wakati wa kutakiana amani wanageukia upande wa pili, wanampa mkono mtoto wa jirani, ili wasimpe mkono mtu fulani. Mimi nasimama hapa mbele. Naona.

Padre yuko kigango kingine leo, kwa hiyo mtanivumilia mimi katekista wenu. Sina elimu ya kuwachambulia mambo makubwa. Nina mfano tu.

Mnajua tulilazwa muda mrefu kule mjini. Nasema tulilazwa, maana na mimi sikutoka. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama uwanja wa shule. Jioni vijana walicheza mchezo ambao sikuwahi kuuona. Wanapiga mpira mdogo kwa gongo, wanakimbia, wanasimama, wanabishana sana. Wanauita besiboli. Mwanzoni hatukuelewa kitu. Pole pole tukaelewa hivi: mwenye gongo akishaupiga mpira, anatupa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, ambacho ni kama mto mdogo wa kulalia uliolazwa chini. Pale kituoni mtu wa timu nyingine anamngoja, amevaa glavu kubwa. Wenzake wanauokota mpira na kumrushia. Mpira ukiwahi, mkimbiaji ametoka. Mkimbiaji akiwahi, amesalimika.

Basi siku moja kijana mmoja aliwahi. Aliwahi kabisa, kila mtu aliona. Na mwamuzi akamtoa.

Redempta siku zile alikuwa haongei sana. Akainua kichwa. "Wewe, mbona wamemtoa? Si amefika?"

"Sijui, mama."

"Nenda kaulize."

"Nimwache mgonjwa nikaulize habari za mpira?"

"Mgonjwa ndiye anayekutuma."

Nikashuka ngazi. Nikamkuta mwalimu wao, mtu mpole, akanionyesha mistari chini. Kutoka anapopigia mtu hadi kituo cha kwanza kuna mstari mmoja mrefu. Ukifika nusu ya safari, unaongezwa mstari wa pili kwa nje, sambamba na ule. Katikati ya mistari hiyo miwili ndiyo njia ya mkimbiaji. Akimbie humo. Akitoka humo, akaingia upande wa ndani na kumzuia yule wa kituoni asiudake mpira, ametoka. Hata kama amefika wa kwanza.

Nikapanda kumweleza mgonjwa wangu. Halafu akasema, "Kumbe kufika peke yake hakutoshi." Akafumba macho akalala.

Mfano wa leo umeota hapo.

Kulikuwa na fundi viatu mmoja, aliyekuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Kijijini kwao alikuja mwalimu mgeni wa kujitolea akawafundisha vijana mchezo huu. Fundi viatu ndiye aliyeuelewa kwanza. Ndiye aliyeshona mipira ilipofumuka. Ndiye aliyeshona vituo kwa magunia na kuvijaza mchanga. Mgeni alikuwa na glavu moja nzuri ya ngozi, kubwa, ya mtu wa kituo cha kwanza. Muda wake ulipoisha, akaaga, na watu wote walijua glavu ile atampa nani.

Akampa mdogo.

Kwa nini? Labda kwa sababu mdogo alikuwa mrefu, na kituo cha kwanza kinataka mtu wa mikono mirefu. Labda mgeni hakuwaza sana. Mtu anayetoa zawadi mara nyingi hawazi sana. Lakini asiyepewa, ndugu zangu, yeye anawaza mpaka usingizi unampotea.

Fundi alimpongeza mdogo wake. Akampiga bega, akacheka. Halafu akarudi kwenye kibanda chake akashona kiatu cha mteja kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Mdogo akaoa ng'ambo ya mto, akahamia huko, akaanza kuchezea timu ya huko. Ungedhani sasa fundi atapumua. Wapi! Mdogo alivuka mto, wivu ukabaki nyumbani unasubiri habari. Na habari zilikuja. Mtu analeta kandambili, badala ya kueleza imekatika wapi, anaanza, "Fundi, mdogo wako anadaka! Jana kanyoosha mkono hivi, huku hata hatazami!"

Fundi anapaka gundi. "Ni glavu ile," anasema. "Akivaa glavu ile hata mbuzi anadaka."

Watu wanacheka. Wanadhani anatania.

Siku moja mdogo alikuja kumtembelea, glavu iko kwapani. Akakaa kwenye benchi la wateja. Fundi akaitazama ile glavu namna mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Umekuja nayo mpaka huku?"

"Nimeibeba tu, kaka."

"Una shida gani?"

Mdogo akaigeuza glavu mikononi. Akaigeuza tena. "Hapana, kaka. Nimekuja kusalimia."

Akaondoka. Fundi akasema moyoni, huyu alikuja kunionyesha.

Ikafika siku ya mechi ya kijiji chao na ng'ambo. Tangu mchezo uanze kule, kombe lilikuwa halijawahi kukaa upande wa fundi. Na walikuwa na desturi: timu zikitoka sare, kombe linabaki lilipokuwa. Kwa hiyo sare haikuwasaidia. Ilikuwa lazima washinde.

Asubuhi yake ilibidi mistari ichorwe. Chokaa hawakuwa nayo. Walichota majivu jikoni kwa akina mama, wakayachekecha, na aliyepewa kuchora alikuwa fundi viatu, kwa sababu mkono uliozoea kukata soli hautetemeki. Akachora mstari mrefu. Akafika nusu, akachora ule wa pili. Njia ya mkimbiaji ikakaa pale, nyeupe pande zote mbili, nzuri. Naomba mlikumbuke jambo hilo. Njia ile aliichora yeye.

Watu wakaja. Mama yao naye akaja. Mama huyo alikuwa anaishi uani kwa fundi. Fundi ndiye aliyeezeka nyumba yake, fundi ndiye aliyempeleka kliniki. Akatandika kanga yake karibu na kituo cha kwanza.

"Mama, njoo upande wetu. Kuna kivuli."

"Hapa naona vizuri, mwanangu."

"Unaona nini?"

"Naona kituo."

Na kituoni alikuwa amesimama nani? Mnajua. Fundi akarudi kwa wenzake, na neno lile akaenda nalo kama kokoto ndani ya kiatu.

Mechi ikaenda, mabao sawa, hadi zamu ya mwisho. Kwanza mtu mmoja wa timu ya fundi akatolewa. Wa pili akapiga mpira mkali, ukaokotwa, ukarushwa kituo cha kwanza kwa nguvu. Siku zote mdogo alikuwa anadaka kwa mkono mmoja, kwa madaha, kama mtu anayechuma pera. Safari hii aliukumbatia mpira kifuani kwa mikono miwili, akainama nao. Uwanja ukalipuka. Hata watu wa upande wa fundi walipiga makofi.

"Mnamwona?" mama akasema kwa sauti. "Anaupokea kama mtoto mchanga!"

Fundi alisikia. Alikuwa ameshika gongo, zamu yake inafuata. Akasema moyoni, maringo. Kudaka hakumtoshi, sasa anataka waone anavyoubembeleza.

Ninyi mmewahi kumsikia mtu akisifiwa, mkajisikia kama ninyi ndio mmetukanwa? Msinijibu.

Fundi akasimama kupiga. Mwenzake mmoja alikuwa kituo cha tatu, karibu kabisa na nyumbani, yaani pale anapopigia mtu. Fundi akifika kituo cha kwanza salama, mwenzake anaingia, bao linahesabika, kombe linavuka mto. Fundi akitolewa, ni mtu wa tatu, na wa tatu ndiye wa mwisho: mchezo umekwisha, sare. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, na uwanja mzima uliijua.

"Fundi!" ng'ambo wakapiga kelele. "Soli zisikubandukie njiani!"

"Mpakeni gundi huyo, atakwama pale pale!"

Mpira ukaja. Akaupiga vibaya. Ukadunda, ukabingirika hatua chache tu mbele yake. Mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji akaurukia, akaurusha kituoni. Lakini fundi alikuwa ameshatupa gongo na kuondoka. Na fundi alikuwa na mbio. Hilo hata wivu haukumnyang'anya. Akafika nusu ya safari, akaingia kwenye njia yake, ile ya majivu. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kitu. Njia ilikuwa tupu hadi kituoni.

Halafu akainua macho. Hakutazama kituo. Alitazama glavu, imenyooshwa, imefunguka, inangoja. Nyuma ya glavu akaona kanga ya mama.

Ndugu zangu, miguu inafuata macho. Akaukanyaga mstari. Akapita ndani. Hakutaka kumgonga mdogo wake, hapana, msimsingizie. Alitaka tu mwili wake uwe katikati, mpira usionekane, glavu ibaki tupu. Mara moja tu. Mbele ya mama.

Mpira ukampiga mgongoni, puu! Ukaanguka. Fundi akakanyaga kituo. Mwenzake akaingia nyumbani. Kijiji kikapagawa. Madumu yakapigwa, akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akatupa kofia yake juu ikatua upande wa wageni. Na fundi? Katikati ya shangwe zote zile, fundi alikuwa anatazama uso wa mama yake, aone kama umebadilika.

Mwamuzi akainua mkono. "Mkimbiaji ametoka! Bao halihesabiki!"

Fundi akamvamia. "Ametoka nani? Nimefika kabla ya mpira! Mpira umenipiga mgongoni. Kama uko mgongoni mwangu, nani yuko mbele?"

"Njoo," mwamuzi akasema. Akamshika mkono taratibu, akarudi naye nyuma. "Mstari huu kauchora nani?"

"Mimi."

"Na huu?"

"Mimi."

"Nionyeshe nyayo zako."

Hazikuhitaji kutafutwa. Soli za viatu vile alizikata mwenyewe, kwenye tairi, hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Zilianza vizuri katikati ya njia. Zikasogea. Zikaukanyaga mstari. Na kuanzia pale, kila unyayo hadi kituoni ulikuwa na majivu.

"Kuna mtu alisimama kwenye njia yako?"

"Hapana."

"Kulikuwa na shimo? Kulikuwa na nyoka?"

Watu wakacheka. "Hapana," fundi akasema.

"Njia yako ilikuwa tupu, fundi. Kule ndani ulifuata nini?"

Angejibu nini? Ninyi mngejibu nini? Sare ikatangazwa, kombe likabaki ng'ambo, na waliokuwa wanapiga madumu wakayabeba kwenda nayo nyumbani, kila mtu akimtazama fundi wakati anapita.

Fundi akakaa chini, juu ya kile kituo cha gunia alichokishona mwenyewe. Mdogo wake akaja.

"Kaka."

Fundi akachezea mshono wa gunia.

"Kaka, twende nyumbani. Mama anatungoja."

"Anakungoja wewe. Nenda zako na glavu yako."

Mdogo hakwenda. Akachuchumaa. Akaivua glavu, akakunja ngumi, akaipitisha pale kati ya kidole gumba na vidole vingine, mahali mpira unapokaa. Ngumi ikatokea upande wa pili.

Fundi akatazama. Kamba zote za ngozi zilikuwa zimekatika. Palikuwa na tundu.

"Imekatika leo leo," mdogo akasema. "Ule mpira mlionipigia makofi ulikuwa umeshapita humu. Niliuzuia kwa kifua." Akafungua vifungo vya shati. Pamevimba, pamekuwa peusi. "Wako nisingeudaka, kaka. Ulirushwa pembeni, upande wa ndani, wa kunyoosha mkono mmoja. Ungepita hapa ukaenda zake. Ungekimbia tu kwenye njia yako."

Fundi akasema, "Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Fundi wa ngozi huku kote ni wewe. Kamba zilipoanza kulegea nilikuletea. Nikakaa kwenye benchi lako. Ukaitazama glavu namna ile unavyoitazama, nikaogopa kukuomba. Nikasema nimekuja kusalimia."

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Mafundi mnawajua, hawatembei mikono mitupu. Sindano ilikuwemo. Uzi uliopakwa nta ulikuwemo. Ulikuwemo mfukoni alipokuwa anachora njia. Ulikuwemo alipokuwa anatoka nje ya njia.

Mtaniuliza, je, mama alimpenda nani zaidi? Sijui. Mfano hausemi. Huenda fundi hakukosea, huenda kweli mama alikuja kumtazama mdogo. Mambo hayo yapo majumbani mwetu, tusijidanganye. Lakini hata kama ni kweli, njia yake ilikuwa tupu. Hakuna aliyemzibia. Na kile kitu kilichomkosesha usingizi kilikuwa kimetoboka, na mtu pekee wa kukishona alikuwa yeye.

Sasa tujitazame sisi.

Sisi tunamwona mwenzetu ameukumbatia mpira kifuani, tunasema maringo. Tunamwona amekuja na kitu chake mpaka mlangoni kwetu, tunasema amekuja kutuonyesha. Wivu hautunyimi macho, unatupa macho makali sana, lakini yanaona upande wa nje tu wa glavu.

Mnamkumbuka Redempta alivyokuwa anaimba? Mkono mmoja anawaongoza wenzake. Na mkono wa pili ameuweka wapi? Hapa. Hapa kifuani. Mnamkumbuka. Na lile neno lililokuwa linasemwa bombani, kwamba anajishika kifua kwa kujisikia, kwamba mwenye sauti peke yake ni yeye, lilimfikia. Aliniambia mwenyewe huku anasonga ugali. Alicheka. Akasema, "Waache, wakijua watanizuia kuimba."

Pafu la upande huo lilikuwa limekwisha. Kule mjini daktari alituonyesha kwenye picha, peupe pote. Alikuwa anapakandamiza kwa mkono ili sauti itoke. Tangu Pasaka ile mliyosema hajawahi kuimba vizuri vile, alikuwa anaimba hivyo.

Sisemi haya ili mtu ajute mpaka alie. Yeye hakuwa na kinyongo na mtu, na mimi sina. Nasema kwa sababu humu ndani zilikuwemo sauti nyingine nzuri. Zilikuwemo, tunazijua. Wenye sauti hizo wangeweza kumwambia, Mama, leo pumzika, wimbo huu nauanzisha mimi. Sindano tulikuwa nazo mifukoni. Tulikuwa tunaangalia glavu.

Na huyu anayesimama pale sasa, naye ana tundu lake. Liko wapi, sijui. Msimwulize. Msimchunguze. Mpeni tu mkono wakati wa amani, na mkono huo uwe na uzi. Na wewe unayeona mahali pale pangekuwa pako, jitazame miguuni. Mungu amekuchorea njia. Nani amesimama ndani yake? Nyayo zako zina majivu ya nini?

Nimemaliza. Tusimame. Na kabla hatujaomba, mpeane mikono. Hapana, si kwa mtoto. Kwa yule.

Nangoja.

Haya. Asanteni.

Ee Bwana, uliyempa Redempta sauti na ukaichukua siku ya majivu, saa ambayo ndege walikuwa wanaanza kuimba, tunakuomba umpokee. Alikimbia katika njia uliyomchorea, na hakumzuia mtu. Kama kuna mahali alikanyaga mstari, futa unyayo huo kwa mkono wako. Uwakumbuke na marehemu wetu wote tuliowasema vibaya bila kujua walichokuwa wanakishikilia. Na yeye, Bwana, umpe kifua kizima. Aimbe mbele zako mikono yote miwili ikiwa juu. Amina.